Picha Iliyolala Katika Utepe: Jinsi ya Kupata Picha Bora Kutoka Kanda za Zamani za Kamera ya Video

Tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera ndogo ya video ilikuwa mtunza kumbukumbu wa familia nyingi duniani, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki vilevile. Harusi, maulidi, ubatizo, mahafali ya shule, ngoma za jando na unyago, na hotuba za wazee ambao leo hatunao tena, yote hayo yaliandikwa katika tepe za sumaku zilizofungwa ndani ya kaseti za plastiki. Kaseti hizo zingali zimo makabatini na masandukuni. Lakini muda wake si mrefu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kwa kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilitangaza mwaka 2015 kwamba kanda za sumaku ambazo zisingekuwa zimenakiliwa kufikia mwaka 2025 zingekuwa katika hatari ya kupotea. Miaka michache baadaye UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ilitoa tahadhari kama hiyo kwa dunia nzima. Mwaka huo wa 2025 uliwekwa kwa sababu mbili: tepe zinachakaa, na mashine za kuzisomea zinakwisha.

Mtu anapoitia kanda ya mwaka 1990 katika deki na kuona picha yenye chembechembe, mistari na rangi zilizofifia, husema, "Kanda imekufa." Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Katika makala haya tutaeleza kwamba picha iliyomo katika utepe huwa ni bora kuliko ile tunayoiona, na kwamba sehemu kubwa ya ubovu hutokea wakati wa kusoma, baina ya utepe na kichwa cha mashine, katika nafasi ndogo kuliko chembe ya moshi. Anayeielewa nafasi hiyo ataweza kuokoa mengi. Asiyeielewa aweza kuiharibu kanda kwa mikono yake mwenyewe.

Sumaku inavyotunza picha

Utepe wa video ni ukanda mwembamba wa plastiki ya poliesta uliopakwa unga wa sumaku, kwa kawaida oksidi ya chuma, ulioshikizwa kwa gundi maalumu. Wakati wa kurekodi, mkondo wa umeme wenye kubadilikabadilika hupita katika koili ya kichwa cha kurekodia. Kichwa hicho ni sumaku-umeme ndogo yenye ufa mwembamba sana. Uga wa sumaku unaotoka katika ufa huo hupanga chembe za unga, nazo hubaki katika mpango huo. Wakati wa kusoma, jambo hilo hugeuzwa: utepe uliopangwa hupita mbele ya kichwa, uga unaobadilika huzaa mkondo katika koili, na mkondo huo ndio picha yetu. Hii ni kanuni ileile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, na ambayo Valdemar Poulsen wa Denmark aliitumia mwaka 1898 kurekodi sauti katika waya wa chuma.

Ugumu wa picha ni wingi wa habari zake. Sauti huhitaji mitetemo maelfu tu kwa sekunde, lakini picha ya televisheni huhitaji mitetemo mamilioni. Ili kuandika mitetemo hiyo bila kuirundika, utepe lazima upite mbele ya kichwa kwa kasi kubwa. Tukiuvuta utepe moja kwa moja kwa kasi inayotakiwa, saa moja ya picha itakula zaidi ya kilomita 17 za utepe! Wahandisi waliikwepa shida hiyo kwa kukizungusha kichwa chenyewe. Katika deki ya VHS, mfumo ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1976, vichwa viwili vimefungwa katika ngoma yenye kipenyo cha milimita 62. Katika mfumo wa PAL ngoma hiyo huzunguka mara 25 kwa sekunde. Utepe huizingira ngoma kwa mshazari, ukienda polepole kwa kasi ya milimita 23 tu kwa sekunde. Kwa hiyo kila kichwa huandika mchirizi mmoja wa kimshazari kila nusu mzunguko, na kila mchirizi hubeba nusu ya picha moja, yaani mistari yake ya witiri au ya shufwa.

Mwanafunzi aweza kukokotoa mwenyewe. Mzingo wa ngoma ni 3.14 × milimita 62, yaani kama milimita 195. Ukizidisha kwa mizunguko 25 utapata kama mita 4.87 kwa sekunde. Ukitoa mwendo wa utepe, ambao huenda upande uleule, kasi baina ya kichwa na utepe hubaki kama mita 4.85 kwa sekunde. Upana wa mchirizi ni kama sehemu 49 za elfu za milimita, yaani mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Michirizi 50 huandikwa kila sekunde, na kichwa hutakiwa kuurudia kila mmoja bila kupotea, hata baada ya miaka thelathini.

Umbali mdogo kuliko chembe ya moshi

Mwangaza wa picha huandikwa kwa utaratibu wa redio ya FM: sehemu ikiwa nyeupe zaidi, mitetemo huwa mingi zaidi. Katika VHS ya mfumo wa PAL, nyeupe kamili ni mitetemo milioni 4.8 kwa sekunde. Tukigawa kasi ya mita 4.85 kwa idadi hiyo, tunapata kwamba urefu wa wimbi moja katika utepe ni kama mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita.

Mwaka 1951 R. L. Wallace wa maabara za Bell nchini Marekani alionyesha kanuni ambayo kila mwenye kushughulika na kanda hana budi kuijua. Nguvu ya ishara inayofika kichwani hupungua kwa haraka mno kadiri kichwa kinavyotengana na utepe, na kipimo cha umbali huo si milimita bali ni urefu wa wimbi lenyewe. Kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, kanuni yenyewe ni hii: sehemu ya ishara inayobaki ni sawa na e iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi 2πd/λ, ambapo d ni umbali na λ ni urefu wa wimbi.

Hebu tutazame maana yake. Katika Hi8, mfumo wa kaseti ndogo uliotokea mwaka 1989, wimbi fupi kabisa la mwangaza lina urefu wa kama mikromita 0.4 tu. Tulinganishe:

Umbali wa mikromita 0.1: VHS hubakiwa na asilimia 53 ya ishara, Hi8 asilimia 21.
Umbali wa mikromita 0.25: VHS asilimia 21, Hi8 asilimia 2.
Umbali wa mikromita 0.5: VHS asilimia 4; Hi8 haibakiwi hata na asilimia moja.

Chembe za moshi wa sigara nyingi zina ukubwa wa kati ya mikromita 0.1 na 1. Kwa hiyo uchafu usioonekana kwa macho, uliogandamana katika ncha ya kichwa, watosha kuinyima mashine karibu ishara yote. Tena utaratibu wa FM una tabia ya pekee: huvumilia kupungua kwa ishara kwa muda, kisha huporomoka kwa ghafula. Ndiyo maana picha yaweza kuwa nzuri dakika hii, na dakika ifuatayo ikageuka kuwa mvua ya chembe nyeupe. Aonaye hivyo asikimbilie kuilaumu kanda. Yafaa kwanza akitazame kichwa.

Itambue kanda yako

Kazi ya kwanza ni kujua kaseti ni ya mfumo gani. VHS ni kaseti kubwa yenye utepe wa upana wa milimita 12.7. VHS-C, iliyotokea mwaka 1982, ni kaseti ndogo yenye utepe huohuo, nayo huchezwa katika deki ya kawaida kwa kuwekwa ndani ya ganda maalumu lenye umbo la kaseti ya VHS. Video8, ya mwaka 1985, na Hi8 hutumia utepe wa upana wa milimita 8. Watu wengi hutafuta ganda la kuingizia kaseti ya milimita 8 katika deki ya VHS. Ganda hilo halipo wala haliwezekani, maana upana wa utepe, ukubwa wa ngoma na namna ya kuandika vyote ni tofauti. MiniDV ya mwaka 1995 na Digital8 ya mwaka 1999 huandika picha kwa tarakimu, nazo tutazigusa mbele.

Mashine ya Hi8 husoma kanda za Video8, lakini mashine ya Video8 haiwezi kusoma Hi8 ipasavyo. Baadhi ya kamera za Digital8, si zote, husoma zote tatu, na zikipatikana ni hazina.

Baada ya hapo tazama mfumo wa televisheni. Tanzania, Kenya na Oman zilitumia PAL, yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani, Kanada na Japani zilitumia NTSC, yenye mistari 525 na picha kama 30 kwa sekunde. Kanda iliyoletwa na jamaa aishiye Toronto, ikitiwa katika deki ya PAL pekee, yaweza kutoa picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka. Kanda hiyo haina ugonjwa wowote. Inahitaji deki ya mifumo mingi.

Mwisho, uliza kama kaseti uliyo nayo ndiyo ya asili. Kanda nyingi za harusi walizopewa maharusi zilikuwa nakala za nakala, zilizotolewa baada ya mpiga picha kuunganisha vipande. Kila nakala ya aina hii huongeza chembechembe na kupunguza rangi. Ikiwa mpiga picha au ndugu fulani bado anayo kaseti iliyokuwa ndani ya kamera siku ile, kuitafuta kutakupa faida kuliko mashine yoyote ya bei kubwa.

Kuiandaa kanda

Adui mkubwa wa tepe katika pwani yetu ni joto pamoja na unyevu. Gundi inayoshika unga wa sumaku hufyonza maji kutoka hewani, na maji hayo hukata minyororo ya molekuli zake. Gundi huwa laini na yenye kunata, unga huanza kubanduka, na kile kinachobanduka huishia kichwani. Kuvu nao hupenda mazingira hayohayo.

Kwa hiyo, kabla ya kucheza, tazama kupitia kidirisha cha kaseti. Ukiona utando mweupe kama vumbi la unga au nyuzi za buibui juu ya utepe, hiyo ni kuvu. Usiicheze. Itaharibu utepe, itaichafua mashine na kuziambukiza kanda nyingine, na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Itenge ndani ya mfuko na kuipeleka kwa fundi mwenye vifaa. Kadhalika, ikiwa kanda inalia kama mlango mkavu au inakwama na kuacha masizi ya kahawia, isimamishe mara moja. Wataalamu wa hifadhi wana njia ya kukausha baadhi ya tepe za namna hiyo kwa joto dogo lililodhibitiwa kwa saa nyingi. Jiko la nyumbani halifai hata kidogo kwa kazi hiyo.

Kanda iliyo salama ipewe muda wa kuzoea hewa ya chumba, angalau kutwa nzima, ikiwa imetoka mahali penye joto au baridi tofauti. Mashine nayo vivyo hivyo. Deki ikitolewa katika chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa katika hewa nzito ya Tanga au Mombasa, umande hutanda juu ya ngoma, na utepe hugandamana nayo. Kamera nyingi zina kitambuzi cha umande kinachokataa kuzungusha ngoma. Kitambuzi hicho kitiiwe.

Kisha zuia kurekodi kwa bahati mbaya: vunja kijibamba kilicho mgongoni mwa kaseti ya VHS, au sogeza kifungio cha kaseti ndogo. Zungusha kanda hadi mwisho na kuirudisha mwanzo mara moja, ili utepe uliokaa miaka mingi bila kuguswa ulegee na kujipanga upya kwa mkazo ulio sawa.

Kuisafisha mashine

Kazi hii ifanywe na mtu mwenye mkono mtulivu, na kwa wanafunzi ifanyike mbele ya mwalimu au fundi. Deki ichomolewe katika umeme, na sehemu ya usambazaji wa umeme isiguswe, maana yaweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa.

Tumia alkoholi ya isopropili iliyo safi, isiyochanganywa na maji mengi, na kijiti chenye ncha ya ngozi laini au ya sponji isiyotoa nyuzi. Pamba haifai kwa vichwa, maana nyuzi zake hunasa katika ncha na kuving'oa. Shikiza ngozi iliyoloweshwa kidogo ubavuni mwa ngoma bila kuisogeza, na kwa mkono wa pili izungushe ngoma taratibu kwa kuishika juu. Ngoma ndiyo inayotembea, si ngozi. Kamwe usisugue kwenda juu na chini. Kichwa ni kipande kidogo cha feraiti, kigumu lakini chenye kuvunjika kama kigae, na msuguo wa wima watosha kukimeka.

Safisha pia mihimili inayouelekeza utepe na gurudumu la mpira linaloubana. Gurudumu lenye mng'ao wa uchafu huteleza, na utepe ukiteleza picha huyumba. Acha yote yakauke kwa nusu saa. Kanda ya kwanza kutiwa baada ya usafi iwe ile usiyoijali, kwa sababu deki yenye mpira uliochoka yaweza kula utepe bila onyo.

Kuufuata mchirizi

Hata vichwa vikiwa safi, lazima vipite juu ya mchirizi wenyewe. Kila deki ya VHS ina kirekebishi cha kulenga michirizi, ambacho mafundi wetu hukiita traking. Hubadilisha wakati ambao kichwa huanza kuusoma mchirizi kulingana na mapigo yaliyoandikwa pembeni mwa utepe. Deki nyingi za miaka ya 1990 hujilenga zenyewe, lakini huchagua kwa kubahatisha pale ishara ilipo dhaifu. Kwa kanda ya zamani, rekebisha kwa mkono ukitazama sehemu yenye mistari myembamba, kama kanga yenye nakshi au majani ya mnazi, mpaka chembe nyeupe zipungue kabisa.

Hapa kuna siri moja ya wenye uzoefu. Kila kamera iliandika michirizi kwa upotofu wake mdogo. Kwa hiyo kamera ileile iliyorekodi, kama ingali hai, mara nyingi ndiyo msomaji bora wa kanda zake. Isipokuwapo, jaribu deki mbili au tatu kabla ya kukata tamaa. Tofauti yaweza kushangaza. Angalia pia kama kanda ilirekodiwa kwa mwendo wa nusu ili kuongeza muda. Michirizi yake huwa na nusu ya upana, na si kila mashine huisoma vizuri.

Waya na saa inayoyumba

Katika utepe wa VHS na Hi8, mwangaza na rangi vimeandikwa mbalimbali. Tukitumia waya mmoja wa njano, mashine huvichanganya, kisha chombo kinachopokea hulazimika kuvitenganisha tena, na katika kutenganisha huzuka vitone vinavyotambaa kingoni mwa rangi. Mashine yenye tundu la S-Video hutoa viwili hivyo katika nyaya mbili tofauti hadi mwisho wa safari. Kwa Hi8 na S-VHS, ambazo zina undani mwingi zaidi, faida huonekana waziwazi.

Tatizo la pili ni la wakati. Mstari mmoja wa picha ya PAL huchukua sehemu 64 za milioni za sekunde, na zile zinazoonekana ni kama 52. Utepe ukivutika kidogo au ngoma ikiyumba, mstari huanza mapema au kuchelewa. Kosa la sehemu moja tu ya milioni ya sekunde husogeza mstari kama sentimita moja katika kioo chenye upana wa nusu mita. Nguzo za nyumba huonekana zikitetemeka kama zimo majini. Televisheni za zamani za kioo kinene zilifuata mayumbo hayo kwa uvumilivu. Vifaa vya kompyuta havina subira hiyo: huruka picha, na sauti huachana na midomo.

Dawa yake ni kirekebisha-muda, chombo kinachoweka kila mstari katika kumbukumbu ya elektroni, kisha kuutoa kwa saa iliyo thabiti. Baadhi ya deki za S-VHS za miaka ya 1990 na kamera kadhaa za Hi8 na Digital8 zilikuwa nacho ndani. Ukipata nafasi ya kuchagua mashine, sifa hii itangulie urembo wowote mwingine.

Kuhusu kanda za MiniDV na Digital8 kuna jambo moja la kukumbuka. Picha yake tayari ni tarakimu, kwa hiyo isipigwe upya kupitia waya wa njano. Ichukuliwe kama ilivyo kwa waya wa dijitali wa kamera, na nakala itakuwa sawa na asili, tarakimu kwa tarakimu. Usafi wa kichwa unabaki kuwa muhimu, maana katika MiniDV mchirizi una upana wa mikromita 10 tu, na kichwa kichafu huzaa miraba iliyoganda usoni mwa watu.

Kucheza mara chache, kunakili mara moja

Kila mchezo huukwangua utepe kidogo. Kwa hiyo lengo si kuitazama kanda ya kale kila sikukuu, bali kuicheza vizuri mara moja huku ikinakiliwa, kisha kuipumzisha. Nakala ya kuhifadhi isibanwe mno. Chembechembe za kanda huichosha programu ya kubana, nayo hutupa undani wa nyuso ili kutunza takataka. Hifadhi nyingi kubwa hutumia FFV1, utaratibu usiopoteza chochote, ambao kanuni zake zilichapishwa rasmi mwaka 2021. Asiye na nafasi ya kutosha atumie utaratibu wa DV, unaochukua kama gigabaiti 13 kwa saa. Nusu-picha 50 za kila sekunde zitunzwe zilivyo, na urembeshaji wowote wa rangi au ukali ufanywe katika nakala ya pili. Weka nakala mbili katika vifaa viwili, na katika nyumba mbili.

Kaseti yenyewe usiitupe. Irudishe mwanzo, iweke wima ndani ya ganda lake, mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na spika zenye sumaku na mbali na dari la bati.

Jaribio la darasani

Chukueni koili yenye mizunguko mingi, galvanomita nyepesi na sumaku ya mche. Pitisheni sumaku mbele ya koili kwa kasi ndogo, kisha kwa kasi kubwa, na kuandika jinsi mshale unavyocheza. Halafu wekeni karatasi kumi, ishirini, na arobaini baina ya sumaku na koili, na kurudia kwa kasi ileile. Mtaona kwa macho kwa nini ngoma huzungushwa na kwa nini uchafu ni adui. Sumaku yenu ni kubwa, kwa hiyo karatasi chache hazitaidhuru sana. Zingatieni basi hali ya sumaku yenye urefu wa sehemu ya elfu ya milimita.

Maswali

1. Ngoma ya Video8 ina kipenyo cha milimita 40 na huzunguka mara 25 kwa sekunde katika PAL, na utepe husonga milimita 20 kwa sekunde upande uleule. Tafuta kasi baina ya kichwa na utepe.
2. Ikiwa nyeupe kamili ya Video8 ni mitetemo milioni 5.4 kwa sekunde, wimbi lake katika utepe lina urefu gani?
3. Chembe imeinua utepe kwa mikromita 0.2. Ni sehemu gani ya ishara hiyo itakayokifikia kichwa? Linganisha na VHS.
4. Eleza kwa nini picha ya FM huharibika ghafula, ilhali ishara imekuwa ikipungua kidogo kidogo.

Mwalimu ambaye shule yake ina deki iliyosahauliwa stoo anacho chombo cha kufundishia sumaku, mawimbi na uhifadhi kwa pamoja. Wanafunzi nao, wakirudi nyumbani, wawaulize wazazi kuhusu kaseti zilizomo kabatini: zilirekodiwa lini, kwa kamera gani, na akina nani wanaoonekana ndani yake. Majibu hayo yaandikwe juu ya ganda sasa hivi, wakati wanaoyajua majina wangalipo. Fundi hodari aweza kuirudisha sura ya bibi harusi wa mwaka 1988. Jina lake litapatikana tu kwa yule anayelikumbuka.